Wapangaji

Hapa Zabrze hawachimbi tena.
Gurudumu la mgodi limesimama juu ya mapaa
kama saa iliyosahauliwa kutiwa ufunguo,
na kazi iliyobaki ni ya kuchambua hewa.

Truda Pyka, zamu ya usiku, kahawa ya chupa.
Feni kubwa inavuta usiku wa mji mzima:
moshi wa majiko ya makaa, ukungu,
harufu ya kabichi, pumzi ya mbwa wa mlinzi,
vyote vinaingia bila kubisha hodi.

Kwanza hutolewa mvuke, kisha hewa ukaa,
wale wachache, wanne katika elfu kumi,
ambao wangeganda mapema na kuziba mabomba.
Halafu baridi.
Baridi ambayo Januari ya Silesia, pamoja na majivuno yake,
haijawahi kuiota:
digrii mia na tisini na kitu chini ya sifuri,
mpaka hewa inachoka kuruka
na kuanza kutiririka.

"Hawa hawajaoana," aliwahi kumwambia Ksawery,
kijana aliyeletwa kujifunza kazi.
"Waliooana ni wale wa ndani ya maji;
kuwatenganisha wale kunataka umeme na ugomvi.
Hawa ni wapangaji tu. Nyumba moja, mlango mmoja,
kila mtu na sufuria yake.
Wagandamize, kisha wapashe polepole,
utaona kila mmoja anavyoijua njia yake ya kutokea."

Naitrojeni hutangulia, juu kabisa ya mnara,
sabini na nane katika kila mia, umati usio na neno.
Oksijeni hubaki chini, rangi ya samawati iliyofifia,
ishirini na mmoja, wepesi wa hasira.
Kati yao, tumboni mwa mnara, yupo agoni,
mmoja asiyetimia, hapendi wala hachukii;
mchomeleaji vyuma humlipia kwa uvivu huo huo.
Na neoni, na kriptoni, na zenoni:
sindano zilizoanguka sokoni.

Nyumbani, mtungi uko kando ya kiti.
Alojz Pyka, miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi,
vumbi la mawe kifuani, mrija puani.
Anaijua hewa kuliko binti yake mwenye cheti:
ile inayolipuka bila kutoa harufu,
ile nzito inayolala sakafuni
na kuzima taa kwanza, mtu baadaye.
Darini njiwa wake wanakwaruza mbao.

"Umeniletea mmoja tu," anasema asubuhi hiyo.
"Wengine umewapeleka wapi?"

"Wengine hawakusaidii, baba.
Naitrojeni unamvuta, unamtoa, vilevile alivyoingia."

Mzee anafikiri. Ana muda wa kufikiri;
kila sentensi humgharimu ngazi moja.
"Basi huyo ndiye jirani.
Anaingia, anatoka, haibi kijiko.
Asingekuwepo,
kibiriti kimoja kingetosha mtaa mzima."

Truda hajibu.
Miaka kumi na mmoja amemwandika daftarini:
*ziada, imeachiwa angani*.
Kila alfajiri, saa kumi na moja, anafungua vali
na wingu jeupe linapanda juu ya geti
bila kuaga.

"Fungua dirisha."
"Kuna baridi. Kuna moshi."
"Fungua."

Akafungua, upana wa kiganja.
Mtungi ukaendelea kunong'ona neno lake moja,
na dirishani wakaingia wote,
waliochambuliwa usiku na wasiochambuliwa,
na unyoya mmoja wa njiwa, na baridi,
hakuna aliyeuliza nani alimfukuza nani.

Mzee akafumba macho, akanusa kwa tabu,
kama mtu anayesoma barua bila miwani.
"Kwa kina Szołtysek," akasema.
"Wameunguza vitunguu tena."